Kura Tulizozichambua

Nilipofika Ruiru kumfuata mume wangu, jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa kuchuma kahawa. Nilifundishwa nani wa kuogopa. Wanawake waliokuja kwa lori kutoka kijijini, wale Wakikuyu, nisiwaamini kwa sababu waume zao walikuwa kizuizini au wametoka huko juzi juzi. Karani wa shamba nisimwamini kwa sababu alikuwa Mkikuyu wa upande wa serikali, na mtu wa aina hiyo hujui akilala anaota upande gani. Nyapara, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu Bunyore, huyo nimwamini, alisema mume wangu, ila nisimwambie kitu. Nikamwuliza, sasa kumwamini huko ni kwa namna gani? Akasema nikikaa nitaelewa.

Sikuhitaji somo refu. Mimi nilizaliwa na shaka zangu. Mama yangu alipenda kuwachekesha wageni kwa kuwaambia kwamba tangu nikiwa mchanga nilikuwa nauangalia uji kwanza, ndipo nafungua mdomo. Na ile miaka ya hamsini ilikuwa miaka ya watu kama mimi. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Kijiji cha wale wanawake kilizungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na lori lililowaleta lilikuwa na askari mbele. Sisi wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya kiwanda cha kahawa, tulikuwa tumeletwa kutoka magharibi kujaza nafasi za waliokamatwa. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema. Wao walituona tumekalia viti vya waume zao. Sisi tuliwaona kama watu wanaotuhesabu kimyakimya.

Kahawa ilichumwa wawili wawili. Mmoja anakaa upande huu wa mstari, mwingine upande ule, na katikati yenu kuna matawi. Nyapara ndiye aliyepanga nani na nani, na mimi alinipa mwanamke wa kijijini. Nilijua kabisa kwa nini. Alitaka nimsikilize, halafu nimpelekee maneno. Basi kwa wiki kadhaa nilichuma bila kufungua mdomo, na yeye vilevile, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ni sikio la mtu. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa jinsi alivyovuta tawi, kwa nguvu, kana kwamba tawi limemkosea.

Jioni, kabla ya kupima, kila mwanamke alimwaga kahawa yake juu ya gunia na kuichambua. Nyekundu zilizoiva huku, mbichi na zilizokauka kule. Karani alipita katikati yetu akisema neno lake lile lile, "Mbichi si kahawa." Akikuta mbichi ndani ya debe lako, analimwaga lote chini, nawe unaanza upya huku dereva wa lori anapiga honi. Baada ya msimu mmoja hukuhitaji tena kufikiri, mikono ilifanya yenyewe. Nyumbani nilikuwa nikichagua maharagwe ya kupika, nashtukia nimetenga mekundu peke yake na mengine nimeyasukuma pembeni kama uchafu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichonifanya nimfungulie mdomo mwenzangu wa mstari ni maziwa. Nilikuwa nimejifungua mwezi wa sita, na kahawa ilipoanza kuiva nikarudi shambani. Zamani wanawake walichuma na watoto mgongoni. Lakini mwaka huo alikuja bwana mdogo, msaidizi wa bwana mkubwa, kijana wa Kizungu mwenye miguu mirefu na soksi mpaka magotini, akaleta dawa mpya ya kunyunyizia miti. Akasema dawa ni mbaya kwa watoto, kwa hiyo hakuna mtoto kuingia shambani. Mimi nilijiuliza dawa gani hiyo inayomtambua mtoto na kumwacha mama yake aliyeishika kwa mikono siku nzima. Nilidhani, na bado nadhani, kwamba kilichomkera si dawa bali wanawake waliokaa chini kunyonyesha. Mtu aliyekaa hachumi.

Basi mtoto wangu, binti, alibaki laini na mama mkwe wangu, akinyweshwa uji mwepesi. Mimi saa nne asubuhi matiti yalikuwa yamekuwa magumu, gauni limelowa, na nilikwenda nyuma ya mti nikakamua maziwa chini, kwenye udongo. Nililia kila siku kwa ajili ya udongo ule. Jioni nikirudi nilimkuta mtoto amelegea, hana hamu hata ya kugombana na titi. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba. Mama mkwe alisema watoto hupungua halafu huongezeka, lakini aliposema hivyo hakuniangalia.

Siku moja nikiwa nyuma ya mti, sauti ikatoka upande wa pili wa majani. "Usikamue hapo kwa siafu. Watakuuma. Njoo huku."

Nikaenda. Na yeye alikuwa amefungua vifungo. Mumewe alikuwa ametoka kizuizini mwaka uliotangulia, haruhusiwi kuvuka handaki la kijiji bila kibali, na wao pia walikuwa wamepata mtoto. Tulisimama pale wanawake wawili wazima, tunamwaga chakula cha watoto wetu chini, na tulikuwa tumeogopana wiki zote zile. Nikaona haya. Yeye akasema, "Ngai! Hata ng'ombe ya huyu bwana inaitiwa mtoto wake." Nikacheka, nikamwambia jina la mtoto wangu. Kutoka hapo tukawa tunaongea.

Mambo ya kura yalikuwa yameingia nchini mwanzoni mwa mwaka huo, hamsini na saba. Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua watu wao waende barazani Nairobi, ila haikuwa kila mtu. Mwenye masomo alipata kura, mwenye mshahara fulani alipata, mwenye mali, mwenye utumishi mrefu, na ukiwa na sifa nyingi unaongezewa mpaka kura tatu. Mume wangu, aliyeendesha mashine ya kumenya kahawa, alipata moja. Alikwenda Thika asubuhi na mapema na koti la harusi yetu. Karani alikuwa na tatu, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyeongezwa vidole. Mwenzangu wa mstari hakuwa na hata moja. Kwa Wakikuyu kulihitajika kwanza cheti cha uaminifu, na mke wa mtu aliyetoka kizuizini angekipata wapi? Mimi nami sikuwa na kitu, si masomo wala mshahara wa kutosha. Katika hilo tulikuwa sawa.

Msimu ulipopamba moto, bwana mdogo akapata wazo. Alituita mbele ya kiwanda, akapanda juu ya sanduku. "Sasa nyinyi nataka kusema maneno, nakuja moja moja kwa ofisi, napiga kelele," alisema. "Mimi nataka kamati. Chagua mtu moja. Yeye nakuja kwa mimi, nasema maneno yote. Mimi nasikia." Halafu akaeleza kwamba uchaguzi utakuwa kama ule wa serikali. Karani na nyapara kura tatu kila mmoja. Wenye utumishi mrefu mbili. Wengine moja moja, wanawake wa kijijini pia. Kura yenyewe itakuwa tunda la kahawa, kwa kuwa wengi hawajui kuandika.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa natazama nyapara na karani, nikaona hawakupiga. Walikuwa wanahesabu watu kwa macho.

Nyapara alisimama kugombea siku hiyo hiyo. Na wanawake wa kijijini, kabla lori halijaondoka, wakamsimamisha mwenzangu wa mstari. Haja yake ilikuwa moja tu, na aliitangaza hapo hapo mbele ya bwana mdogo. Lijengwe banda mwisho wa shamba, watoto wakae humo na bibi wa kuwaangalia, na mama aruhusiwe kwenda kunyonyesha. Nyapara alisema yeye ataomba posho iwe nzuri zaidi. Posho yetu ilikuwa mbovu kweli, unga wenye wadudu, kwa hiyo maneno yake hayakuwa ya kijinga. Lakini mimi nilikuwa na mtoto aliyekuwa ananipungukia mikononi. Posho ingeningoja.

Nyumbani mume wangu alisema, "Kura yako unajua pa kuiweka."

"Najua."

"Huyu ni mtu wa kwetu. Akianguka, kesho wataturudisha Bunyore sote na kuwachukua watu wao."

Nikamwambia mtoto wetu naye ni mtu wa kwetu. Akaendelea kula, halafu akaweka tonge chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule mwanamke, kuna kitu amekulisha? Kuna maneno amekufanya useme?" Alikuwa ananiuliza kama nimekula kiapo cha Mau Mau. Mume wangu mwenyewe, aliyelala nami kitanda kimoja. Nilikasirika nikashindwa hata kumjibu, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu. Kwa siku kadhaa alikuwa ananitazama nikipika.

Upande wa pili haikuwa afadhali. Mwenzangu wa mstari alikuwa akinisimulia jinsi walivyojipanga, halafu anakatiza katikati. Nasikia tu matawi. Namwuliza, "Kisha?" Anasema, "Ah, hakuna. Hiyo imeisha." Nilijua kwamba kijijini kwao kuna watu wanaomwambia yule wa laini ni ndugu wa nyapara. Sikumlaumu kwa kusikia. Nilimlaumu kwa kukatiza, kwa sababu kila alipokatiza nami nilianza kujiuliza kama ananitumia kwa kura moja, na banda likijengwa litakuwa la watoto wa nani.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku. Waliweka madebe mawili nyuma ya pazia la magunia, moja limepakwa chokaa, la nyapara, na lingine limepakwa udongo mwekundu, la mwenzangu. Karani alikaa mlangoni na kikapu cha kahawa kwenye magoti, anampa kila mtu haki yake. Bwana mdogo alisimama kwenye ngazi za kiwanda, mikono nyuma.

Mimi nilikuwa nimekuja na macho yangu yote. Kabla ya mtu wa kwanza kuingia nikapaza sauti, nikasema nataka madebe yageuzwe juu chini tuone ndani. Wakacheka. Bwana mdogo akasema, "Hiyo mzuri, geuza." Yakageuzwa, hayakuwa na kitu. Nikasema pazia lifunuliwe tuone kama hakuna mtu nyuma yake. Likafunuliwa, hakuna mtu. Mume wangu aliinamisha kichwa kwa aibu. Nilikagua mpaka chini ya sanduku la bwana mdogo. Nikaridhika, nikasimama kwenye mlolongo.

Wanawake wa kijijini walikuwa wametangulia kwa sababu lori lilikuwa linawasubiri. Mwenzangu wa mstari alipita, karani akampa tunda la kijani. Aliyemfuata, kijani. Niliona. Nasema ukweli kwamba niliona, na nikajiambia karani ni mchoyo, anaziweka zilizoiva kwa ajili ya mizani. Zamu yangu ilipofika akanipa jekundu, na kwa sauti akanisalimia vizuri kuliko siku zote. Nikaingia nyuma ya pazia nikalitumbukiza kwenye debe la udongo mwekundu. Lilitoa mlio mdogo juu ya mengine, nikafurahi. Debe lilikuwa limejaa kuliko lile la chokaa. Nilitoka nimejizuia kucheka.

Kuhesabu, karani akasema, wahesabu wanawake, maana wana mikono myepesi. Mmoja wa laini, mmoja wa kijijini, ili pasiwe na maneno. Watu wa laini wakanisukuma mimi, kwa kuwa ndiye niliyekagua kila kitu. Kijijini wakamtoa mama mmoja mzee mchumaji hodari. Tulitandikiwa gunia, tukapiga magoti. Watu wakatuzunguka.

Debe la chokaa likamwagwa. Sikufikiri kitu. Mama yule hakufikiri kitu. Mikono yetu iliingia kwenye ile kahawa kama ilivyoingia kila jioni ya maisha yetu pale, nyekundu huku, mbichi kule, upesi upesi, na zile mbichi chache tukazisukuma ukingoni mwa gunia. Karani akahesabu nyekundu kwa sauti. Halafu likamwagwa debe la udongo mwekundu, kahawa ikatapakaa, nasi tukachambua vilevile, na mbichi zikaenda kwenye rundo lile lile la kwanza. Rundo likawa kubwa. Nakumbuka hata niliwaza, leo kahawa yetu ni mbaya sana.

Karani alikuwa ameshaanza kuhesabu nyekundu mwenzangu wa mstari aliposema. Hakupiga kelele. Alisema, "Hizo mbichi ni watu."

Mikono yangu ikasimama. Nikatazama rundo. Nikamtazama mama yule mzee, naye akanitazama, mdomo wazi, vidole vyake bado vimeshika tunda la kijani ambalo alikuwa anataka kulitupa.

"Mbichi si kahawa," karani akasema. "Kanuni ya hapa mnaijua. Si mmechambua wenyewe?"

Wanawake wakaanza kupiga kelele kwa Kikuyu. Mimi nikasema turudishe, tuhesabu upya, lakini turudishe wapi? Mbichi za debe hili na za debe lile zilikuwa rundo moja. Ukiokota moja huwezi kusema ilitoka kwa nani. Bwana mdogo akashuka ngazi akauliza kuna nini. Karani akamweleza kwa Kiingereza, kwa ufupi, huku anatabasamu. Yule kijana akatuangalia sisi wawili tuliopiga magoti, akaangalia jinsi tulivyopanga kahawa vizuri, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mama mbili nahesabu, watu yote naona. Kwisha." Nyapara akashinda. Lori likapiga honi.

Mpaka leo sijui kwa hakika. Siku nyingine nasema karani alipanga, kwamba alitujua mikono yetu kuliko tulivyoijua wenyewe, ndiyo maana alitaka wanawake, ndiyo maana aliwapa wa kijijini mbichi. Siku nyingine nasema kikapu kilikuwa na mbichi juu na wao ndio waliotangulia, basi. Lakini nikikumbuka ile salamu aliyonipa mlangoni, narudi palepale. Mtu hakusalimii vile bure.

Jioni ile mume wangu alirudi na sukari. Sukari, nyumbani kwetu! Akaniambia, "Nilikudharau. Nisamehe." Sikuelewa. Akanishika bega. "Ulivyojifanya kukagua madebe, ulivyopiga kelele, hata mimi ulinidanganya. Nyapara anasema mikono yako ni mikono ya kwetu."

Nilimwambia sikufanya kitu. Akacheka, akasema sawa, hukufanya kitu, akanikonyeza. Nikaapa kwa Mungu na kwa mtoto. Akasema usiape, majirani watasikia. Nilikaa nikamtazama yule mwanamume akikoroga chai, na nikaona kwamba hakuna neno duniani la kumwondolea fahari yake. Chai ile sikuinywa.

Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi. Nyapara alituita kwa mistari, akafika kwangu, akasema mbele ya wote, "Wewe leo chuma kule chini, karibu na mto. Kuna kivuli." Mistari ya mtoni ndiyo iliyokuwa na kahawa nyingi na matawi mafupi. Ilikuwa ya wapendwa. Nikasema nataka mstari wangu wa siku zote. Akasema kwa sauti kubwa, kwa lugha yetu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili lori zima lisikie, "Pumzika, dada yetu. Umefanya kazi nzuri."

Nilimtafuta mwenzangu kwa macho. Alikuwa anafunga gunia kiunoni. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nikaenda mpaka alipo.

"Usiniangalie namna hiyo," nikamwambia.

"Sijakuangaria," alisema.

"Mimi sikujua. Hata yule mama wa kwenu alichambua."

"Yeye ni mzee. Na hakupewa mto." Halafu akaingia kwenye majani, na upande wa pili wa mstari wake alikuwa ameshawekwa mtu mwingine.

Nilichuma kivulini wiki nzima. Nilijaza madebe mpaka watu wakanionea wivu, na maziwa nikayamwaga kwenye mchanga wa mtoni. Kila nilipoinuka niliona vichwa vya wanawake kule juu, vimeinama pamoja wakati wa chakula, na nikikaribia vinainuka kimoja kimoja kama watu walioanza kusikia baridi. Nikaanza kuwachukia. Nikajiambia mume wangu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nyumbani mtoto alikuwa ameacha kulia kwa sauti, alikuwa anakunja uso tu, na mama mkwe akaanza kumfunika hata wakati wa jua.

Kisha likaja lile lori la asubuhi. Nilikuwa kwenye mlolongo wa laini nikisubiri kuitwa. Lori liliposimama, wanawake walishuka polepole kuliko kawaida, na nikaona kwa nini. Kila mwenye mtoto alikuwa amembeba. Mgongoni, kwenye kanga, kwenye shuka, hata kwenye gunia lililooshwa. Wasio na watoto walikuwa wamebeba wa wenzao. Askari wa lori alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, kazi iliyomchukua muda mrefu sana.

Walipita mbele ya nyapara, wakapita mbele ya karani, wakaingia katika mistari yao na kuanza kuchuma. Nyapara alipiga kelele kuhusu dawa, kuhusu amri. Kahawa iliendelea kuanguka kwenye makopo. Jua lilipopanda, mmoja akakaa chini. Halafu wote wakakaa, mistari yote, wakanyonyesha.

Wanawake wa laini nao, ndipo nikawaona. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye hata hatoki mbali na kwetu, alikuwa na mwanawe chini ya mti. Na yule wa nyumba ya mwisho. Wao walikuwa wameambiwa. Katika shamba lote, mama mwenye mtoto mchanga aliyekuwa amesimama bila mtoto wake nilikuwa mimi peke yangu.

Niliweka kopo chini nikaenda laini. Nyapara aliniita dada yetu, nikaenda tu. Mama mkwe aliuliza kuna nini, nikamtoa mtoto kwenye blanketi, nikamfunga mgongoni. Alikuwa mwepesi, nilifunga kanga nikafikiri nimefunga hewa. Mume wangu alitoka mlangoni mwa kiwanda na mafuta mikononi, akasema, "Unatafuta nini na hao?" Nikampita.

Banda lilijengwa. Niseme mapema ili msidhani ni hadithi ya watu walioshindwa. Lilijengwa kabla ya msimu uliofuata, la mabati, na katika baraza la kulifungua nyapara alishukuriwa kwa kulipigania, karani akaongoza makofi. Mtoto wangu aliongezeka. Mwenzangu wa mstari alirudishwa upande wangu wa pili wa majani, tukachuma pamoja miaka mingine miwili, tukacheka, tukapeana mboga. Lakini hakuniambia tena jambo lolote kabla halijatokea.

Siku ile yenyewe nilirudi shambani wakiwa bado wamekaa. Nikapanda mpaka kwenye mstari wetu wa zamani. Mwenzangu aliinua macho, akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu, akamtazama muda mrefu, shingo ile. Hakunisogezea nafasi, wala hakunifukuza. Nikakaa chini mwisho wa mstari, kwenye matope, nikafungua kifungo. Mtoto hakujua mara moja afanye nini. Halafu akajua.

Karani alikuja akipita mstari kwa mstari, akiwaambia wa kijijini kwamba watarudishwa na hawatachuma tena Ruiru nzima. Alipofika kwangu akasimama. Alishangaa kweli, sidhani alikuwa anaigiza. Akainama, akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia ndugu kutoka mahali pabaya, "Inuka, mama. Wewe hauko katika hili. Hawa hata hawakukuambia."

Mwenzangu alisikia. Wote walisikia. Na alikuwa amesema kweli. Hawakuniambia. Na kwa yote niliyoyajua juu yangu mwenyewe, mikono ile, mstari ule wa kivulini, sukari ile mezani kwetu, kama ningekuwa mmoja wao, nisingeniambia.

Nikamhamisha mtoto titi la pili.